Bomba la Pili

Saa mbili kasoro usiku umeme ulirudi Mwanga.
Mtaa mzima ukapiga vigelegele,
na pampu yangu nayo, chini ya meza, ikaamka
ikaanza kupandisha maji
bila kuuliza kama ipo njia ya kushukia.

Haikuwepo.
Kile kisanduku cha kuning'inia ukingoni,
nilichowasifia wageni kwamba hakitaki kutobolewa kioo,
kilimeza hewa umeme ulipokatika,
na mrija uliomeza hewa hauvuti tena.
Unakaa tu, kama mtu aliyesahau neno
katikati ya salamu.

Skolastika akakanyaga zulia, zulia likatema maji.
Gunia la unga, viatu vya Jumapili,
daftari la kikoba lenye madeni ya wanawake kumi na tisa,
vyote vimelowa.
Wahenga wanasema yakimwagika hayazoleki.
Sisi tuliyazoa. Kwa kanga mbili na sufuria ya ugali,
hadi saa sita, yeye akikamua, mimi nikiomba radhi,
na samaki wakichungulia kutoka kwenye makombe yao ya konokono
kama wapangaji wanaosikiliza ugomvi wa mwenye nyumba.

"Toboa kioo," akasema, "au warudishe ziwani."

Ntakije, fundi vioo wa Buzebazeba, alikuja na kekee
imefungwa kwenye taulo kama mtoto mchanga.
Akagonga tangi kwa ukucha, kila upande.
"Hiki cha chini sikigusi. Kimepikwa kwa moto,
kikiguswa kinageuka chumvi. Cha nyuma, sawa.
Mabomba mangapi?"
Moja, nikasema. Nilikuwa nimeshauliza bei ya soketi.

Hakucheka.
"Ziwa lilipopanda halikupiga hodi kwangu Katonga.
Ukubwa wote ule, na mlango wake wa kutokea ni mmoja,
Lukuga, huko Kongo.
Nimelala kwa shemeji miezi minane.
Weka mawili."

Akataka udongo wa kuzuia maji kuzunguka kekee.
Skolastika, aliyekuwa haniongeleshi tangu Jumanne,
akaleta donge la chapati.
Tukafanya pete, tukamimina maji ndani ya pete,
kekee ikashuka.
"Usikandamize. Kioo hakitaki nguvu. Acha kiliwe."
Maji yakawa uji mweupe.
Sauti ile siielezi; meno yangu bado yanaikumbuka.
Kisha kipande cha mviringo kikadondokea kiganjani mwa Godeliva,
naye akatoka mbio kuwaonyesha majirani
sarafu isiyo na kichwa cha mtu.

Tundu la pili sikuliona likitobolewa.
Nilikuwa nje, nikijifanya nakagua mita.

Raba ikakaa upande wa ndani.
Nati ya plastiki tukaikaza kwa mkono; spana alinificha.
Bomba la kwanza lina koki, unalibana taratibu
mpaka liache kukoroma.
La pili limesimama juu zaidi, vidole viwili,
mdomo wazi, halina koki, halina kazi.
Midomoni tukafunga kimia cha dagaa
ili vifaranga visitangulie na maji.
Kwenye bomba la kupandishia, kitundu cha msumari
karibu na uso wa maji, kivute hewa pampu ikizima,
yasirudi chini yote.
Na kwenye tangi la chini, mstari mwekundu,
rangi ya kucha ya Skolastika:
asubuhi usijaze kupita hapa.

Leo umeme umekatika mara tatu.
Kila mara tunanyamaza, hata redio ya jirani imenyamaza,
tunasikia maji yakishuka, yakishuka,
yanagusa ule wekundu,
yanasimama.
Ukirudi, yanapanda, yanamwagikia panapotakiwa.
Hakuna anayepiga vigelegele humu ndani.

Kila asubuhi, kabla ya chai,
Skolastika anapitisha kidole ndani ya bomba la pili.
"Kavu," anasema,
kwa sauti ile ile
anayoniulizia nimeamkaje.