Daftari la Kijani

Andika, afande: mlango haukuvunjwa.
Ufunguo ninao mimi, mwaka wa nne huu.
Mimi ndiye nifagiaye ofisi ya chama,
ghorofa ya pili, juu ya duka la betri, Changamwe.
Kabla ya fagio nilikuwa na vidole kumi.
Mashine ya mabati kule Miritini ikala viwili,
chama kikanipa fagio
na picha ukutani: katibu kanishika bega.

Andika na jina la Ngumbao Tsofwa,
maana alipokufa hamkuliandika.
Zamu ya usiku, tangi la zinki likatema.
Glavu alizovaa zilikuwa za mtu mwingine,
zimetoboka, zimeshonwa kwa uzi wa gunia.
Mia mbili kila mwezi alikatwa, mfuko wa mazishi,
na jeneza tulilikopa Magongo
kwa fundi anayenidai hadi leo,
kila Ijumaa baada ya swala,
kwa adabu.

Tulikwenda kuuliza. Katibu Mwinyihaji akaagiza soda.
Mfuko, alisema, uko njiani.
Mimi nimeshika sinia, macho kwenye viatu vyake:
vipya, vinalia kama panya.
Wenzangu wakanywa. Wakashukuru.
Kisha wakarudisha chupa.

Jumapili wakanijia Baya na Mwadime wa karakana,
na gunia la mkaa lisilo na mkaa.
Walitaka sefu.
Nikawaambia, sefu mimi huipangusa,
ukiigonga inaitika kama debe.
Chenye uzito ni daftari la kijani,
lilalalo chini ya msala
asioswalia mtu.

Tukalifungua kwa tochi ya simu.
Kila mgomo una bei yake.
Ule wa Machi, tulioimba hadi makoo yakakauka,
uliuzwa siku tano kabla haujaanza.
Baya akacheka. Halafu akakaa chini, sakafuni,
kama mtu aliyesahau alikotoka.

Nikageuza ukurasa.
*Nyamvula, mfagizi. Elfu tatu.*
Kila mwezi, na kando yake gumba langu,
lile ambalo mashine haikulitaka.
Nilidhani ni fidia ya mkono!
Nilikuwa nabonyeza paliponyooshewa kalamu.
Mwadime, aliyesoma hadi kidato cha pili,
akanisomea neno lililo juu ya safu,
taratibu, mara mbili:
*Kunyamaza.*

Unauliza daftari liko wapi.
Mbona kalamu imesimama, afande?
Katika safu hiyohiyo, chini yangu, kuna cheo bila jina,
na kituo.
Mimi sikusema ni kituo gani.

Haya, andika la mwisho.
Pale geti la kiwanda kuna Mwanamkuu, muuza viazi karai.
Alfajiri nilimpelekea karatasi za kufungia,
safi, zenye mistari, bure.
Nikamwomba aanze na ile yenye gumba langu.
Sasa ni saa nane na robo, sivyo?
Zamu moja inatoka, nyingine inaingia,
na watu wana njaa.
Mafuta yatapenya kwenye wino, najua.
Lakini mwandishi wa katibu ana mkono mzuri,
na tarakimu
hata zikilowa
zinasomeka.