Uwanja Usiofagiliwa

Kiwanja changu Bugarika kimelala ubavu:
juu jabali, chini jabali,
katikati udongo wa kuazima.
Kila vuli ilipopiga uliteremka
ukalale kwa Nyanjige, jirani wa chini,
naye asubuhi ananiita:
"Masalu! Shamba lako limekuja tena kunisalimu."

Ndipo nikaanza kuifunika ardhi.
Magugu maji niliyavuta kwa toroli kutoka Igogo,
yananuka kama ndoo ya dagaa iliyosahauliwa,
nikayaanika juu ya jabali siku tisa
mpaka yakawa mepesi kama magazeti ya zamani.
Nikaongeza pumba za mpunga, maganda ya karanga,
majani ya mgomba niliyoomba kwa watu.
Shina la mpapai niliachia nafasi ya vidole vinne lipumue,
maana mti ukivishwa mpaka shingoni huoza.

Watu wakapita, wakaguna.
Kwani huko juu hakuna mwanamke?
Sikujibu. Saa saba mchana, mawe yakitema joto,
nilizamisha kidole chini ya majani
kikarudi na unyevu,
na nyungunyungu mmoja mwenye hasira.

Kisha mama akaja kutoka Ngudu
na kuku, na mfuko wa michembe,
na macho yaliyouona uwanja kabla ya kuniona mimi.
Hakusema. Akala, akalala.
Mimi nikaenda zamu ya usiku, kwenye minofu ya sangara.

Alfajiri napanda ngazi za mawe, nauona moshi.
Naujua moshi wa mkaa, naujua wa maandazi.
Huu ulikuwa na harufu ya miezi yangu mitano.

Mama kainama, ufagio mkononi,
uwanja mtupu, umechanwa mistari kama nywele za mtoto wa Jumapili.
"Nimekusafishia," akasema.
"Sasa hata wakwe wanaweza kuja."

Ningesema nini?
Ufagio ule ndio ulionilea.
Kwao nyumba isiyofagiliwa ina msiba, au mlevi.
Nikakaa juu ya jiwe na gambuti zangu,
magamba ya samaki mikononi,
nikalia kidogo, nikasingizia moshi.

Mvua ya saa tisa haikusingizia kitu.
Iliikuta ardhi uchi.
Mama, mlangoni, akauona mchanga wetu wa luseni
ukijikusanya, ukitafuta njia, ukiondoka
kama mgeni asiyeaga.
Kule chini Nyanjige alicheka.
Mama hakucheka.

Usiku, taa imezimwa, akauliza:
"Kule kwetu, chini ya ua wa minyaa,
ni nani aliyewahi kufagia?"
Nikakumbuka: weusi ule, ulaini ule,
mahali tulipochimba chambo.

Kesho yake yeye ndiye aliyekuwa mwalimu.
Minyaa ikikatwa, ilaze kivulini siku tatu,
utomvu ukauke; usijifute jicho.
Usipande ukifuata maji yanakoshuka.
Yavuke. Mfunge mlima mkanda kiunoni.
Kati ya mnyaa na mnyaa tukachomeka milonge,
kwa sababu, alisema, ua unaozuia mbuzi tu ni mvivu;
wa kwetu utatupa na majani ya kutandaza.
Jivu la takataka zangu tukalizungusha kwenye mipapai.
Sikuomba radhi, wala yeye hakuomba.

Minyaa saba ilikufa. Mbuzi wa Nyanjige alikula milonge mitatu,
na Nyanjige, bila kuitwa, akaja na mingine minne
akaipanda kwa upande wake.

Mama hajarudi Ngudu bado.
Kila alfajiri nikitoka kazini nasikia ufagio,
kijia kimoja tu, toka mlangoni hadi kwenye simtanki.
Anachokikusanya hakichomi.
Hutazama kushoto, hutazama kulia,
kisha hukimwaga chini ya mpapai, upesi,
kama mtu anayeficha hela.