Kipengele cha Kumi na Tisa

Nilifika Suri saa nane mchana, mwezi wa Agosti,
gharbi ikivuma kama mtu aliyesahau tanuri wazi,
na kazi yangu ilikuwa kuingia
pale nisipopaswa kuingia.

Kiwanda kinachoitoa chumvi baharini
kinaunywesha mji mzima. Mkataba unasema: pima
uzio, malango, taa, kufuli, watu.
Watu wameandikwa mwisho.

Nilijiandaa: koti la fundi, kofia ngumu,
barua ya uongo yenye muhuri wa kuchonga.
Sikuvihitaji.
Kifuani pake palisomeka NYUNDO,
nikasema tu, "Hujambo, Nyundo? Jua hili litatuua."

Uso wake ulifunguka kabla ya lango.
"Sijambo, dada! Kiswahili hiki umekitoa wapi?"
"Mama yangu mtu wa Wete."
Huo ndio ukweli pekee niliousema siku ile.
Akanimiminia maji ya baridi, ya chupa yake mwenyewe.
Kizuizi kikapanda.
Sekunde kumi na moja. Nilizihesabu.

Ndani nikatembea na kalamu.
Kamera ya kumi na nne inalinda mtende.
Upande wa bahari senyenge imeliwa na chumvi,
ukiigusa inakuachia kutu kiganjani kama hina;
mbuzi wamejichimbia njia chini yake,
manyoya yao yamenasa kwenye waya.
Chumba cha pampu kina kufuli la Kijerumani
na jiwe la kuuzuia mlango usijifunge,
maana mle ndani ni nyuzi hamsini
na fundi naye ana mapafu.
Katika daftari la wageni, tarehe tatu,
mtu amejiandika "Mimi".
Saa ya kuingia ipo. Ya kutoka haipo.
Kwa mujibu wa daftari, Mimi bado yumo.

Muhandisi Haitham alicheka alipofika kwa Mimi,
hakucheka alipofika langoni.
"Senyenge tutanunua. Kamera tutageuza.
Huyu, tumkatie tiketi?"
Nikamwomba usiku mmoja.

Hotelini nikaandika: kumi na tisa, lango kuu,
mlinzi alimruhusu mtu asiyemjua.
Nikafuta "asiyemjua".
Nikairudisha.
Ulimi hauna mfupa, wala hauna kadi;
ripoti ina safu tatu tu, kosa, hatari, dawa,
niiweke wapi miezi kumi na minne
ya msimamizi kumwita "Niyando",
saa kumi na mbili za kusimama
mbele ya malori yasiyosalimu?
Ufunguo niliotumia hauuzwi dukani.
Nilipewa nikisukwa nywele, kati ya magoti ya mama.

Hatimaye: kibanda hakina kivuli wala kiti.
Zamu ipunguzwe, iwe saa nane.
Mlinzi hajafundishwa. Afundishwe. Asifukuzwe.
Sikuandika kuhusu maji.

Novemba nikarudi, bila taarifa.
Uzio mpya unang'aa, mbuzi wamesimama nje
wakiutazama kama wadai.
Kamera ya kumi na nne imegeuzwa,
mtende umebaki na Mungu wake.
Nyundo yuko kivulini, ana kiti, ana feni.

"Hujambo, Nyundo?"
Alinitambua. Niliona alivyonitambua,
kitu kikamjia mdomoni, akakimeza.
"Sijambo. Kadi, dada."

Akaisoma yote, jina langu, la baba, la babu, la kabila,
akatazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha.
Akapitisha kidole kwenye orodha, taratibu,
mpaka chini.
"Leo humo."

Kizuizi hakikupanda.
Nikarudi garini, nikafungua faili,
nikaweka alama ya vema mbele ya kumi na tisa,
na koo langu likabaki kavu
hadi Maskati.