Kuipa Mgongo

Joost aliiacha uani kwetu At-Bashy mwezi wa tisa,
shokapu ya nyuma imekatika kama mfupa wa paja.
Alikunywa chai vikombe vinne, akalia kidogo,
akapanda lori la makaa ya mawe, helmeti kapakata.
"Nitarudi theluji ikiisha."
Theluji iliisha. Ikaja nyingine, ikaisha.
Kuku wakataga chini ya injini.

Mwaka wa tatu ikafika bahasha:
kadi ya umiliki imekunjwa mara nne,
na kipande cha karatasi, kwa kalamu ya risasi,
*Ni yako, Aichurek*, kisha neno moja la Kirusi
alilolikosea herufi mbili: samahani.

Hivyo nikamiliki kilo mia mbili na sitini
za kitu kilichoiona dunia kabla yangu.
Stika ishirini na tatu kwenye masanduku ya alumini:
ngamia, mnara, samaki mwenye taji,
bendera nisizozijua.
Kilomita elfu tisini na moja.
Mimi Bishkek nilifika mara tano,
mara mbili kati ya hizo ni kwa sababu ya jino.

Mjomba Toktosun aliizunguka kama mnunuzi wa farasi,
akatafuta meno, akayakosa.
"Haili nyasi, haizai, na ikifa hailiki."
Lakini ndiye aliyekereza bushi mpya
kwa chuma cha trekta lililozikwa nusu nyuma ya zizi,
akaipiga tangi kofi: "Haya, nenda."

Sanduku la kushoto, alimokuwa akiweka hema na kahawa,
sasa lina chanjo za kondoo juu ya barafu.
La kulia: sindano, soksi kavu, mkate, wembe.
Nilijifunza kusimama kwenye vikanyagio,
magoti yamelegea, changarawe ikijisemea chini yangu.
Nilijifunza pia kutolitazama jiwe,
maana ulitazamalo ndilo uligongalo.

Siku hiyo nililitazama.

Kona ya kijito, gia ya pili, Juni,
na mara anga ikawa upande wa kushoto.
Petroli ikadondoka tone, tone.
Niliikabili uso kwa uso,
nikaushika usukani kama mtu ashikaye pembe,
nikavuta mpaka nikaona nyota za mchana.
Mara tatu. Nikaitukana kwa Kikirigizi,
nikahisi haielewi, nikamtukana Joost.
Ndani ya sanduku barafu ilikuwa ikigeuka maji.

Mtoto mmoja, Ermek, miaka kumi hivi,
alikuwa juu ya farasi akinitazama, hata hakushuka.
"Mama ng'ombe wake akianguka hamvuti," alisema.
"Humpa mgongo. Humsukuma kwa makalio."

Kupa mgongo.
Nilidhani ni kazi ya wanaoondoka.

Nikageuka. Nikachuchumaa, kiti kikinigusa kiunoni,
mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye keria,
macho yangu yakitazama mlima mtupu, si mzigo.
Hatua fupi za kinyumenyume,
kama bibi harusi anayevutwa asikotaka kwenda.
Ikapanda. Sikuiona ikipanda;
niliisikia tu ikipumua kwenye uti wa mgongo wangu,
nzito, halafu nyepesi, halafu imesimama.

Sijui kama nimemsamehe.
Nilimfikiria tu kwenye dirisha la lori lile,
shingo yake nyekundu, asigeuke hata mara moja,
na labda alikuwa akiinua kitu.

Kondoo mia tatu na arobaini kabla ya jua kuzama.
Burulsun, mama wa mtoto, alinipa maziwa ya farasi
yaliyochacha hadi yakaniuma ulimi,
akacheka nilipokaa upande upande.
Ermek alitafuta pa kubandika stika, hakuwa na stika.
Akafunga kwa waya, kwenye mpini wa sanduku,
hereni ya sikio la kondoo aliyekufa masika,
ya njano, namba 4417.

Inagonga alumini kila nikipita shimo.
Kilomita hamsini na nane, kwenda na kurudi.
Zile elfu tisini na moja si zangu.