Bildi

Niliikuta chini ya kitanda chake,
imefungwa ndani ya soksi ya jeshi:
ratili saba za risasi,
na kitakoni tundu la kutilia shahamu
ili ikigusa sakafu ya mto
ipande na ushahidi, mchanga au tope.
Shahamu imekauka kama nta ya sikio.
Ndani yake mna chembe nyeupe. Sikuzigusa.

Baba alikuwa karani wa pamba pale Mbulamuti,
akipima magunia ya watu,
akilaumiwa kwa mizani isiyo yake.
Siku moja akapanda treni, akaenda kula kiapo kwenye manowari.
Miaka saba. Akarudi na kofia nyeupe,
cheo cha luteni, na Kiswahili
kilichowafanya wanawake wa soko la Kamuli
wafunike ndizi zao, wakidhani ni polisi.

Serikali ikampa mashua yenye injini inayokohoa,
mabaharia watatu, na mto wote
kutoka Namasagali hadi Kyoga, na ng'ambo ya Kyoga.
Opito ndiye aliyesimama omo,
akitupa bildi, akipaza sauti:
Pima tatu! Tatu kasoro robo! Tope!
Baba akiandika kwa penseli, daima penseli.
"Wino ni wa ndoa," alisema.
"Mto huu haujapokea posa."

Maana visiwa vya kule vinatembea.
Mafunjo hushikana mizizi, hung'oka, husafiri
na vibanda vya Bakenyi mgongoni,
na moto wa jikoni, na kuku.
Katika daftari, kwa mwandiko wake uliosimama wima:
*Kisiwa. Ekari mbili. Kilikuwa hapa Jumanne.*
Na chini yake:
*Ijumaa. Kisiwa kilekile. Mwenyewe anaitwa Wampamba,
amenisalimu. Hajui nani kahama, yeye au mimi.*

Maji usiyoyafika hujui wingi wake, husema watu.
Baba aliyafika.
Namba elfu kumi na moja; nilizihesabu siku tatu
nikiwa na malaria, bila kazi nyingine.
Ukurasa mmoja tu una duara tupu,
kwenye kona ya mto kabla ya Bukungu.
Pale Opito alitupa, kamba ikaisha mkononi,
akainama kuiongeza,
na mto ukampima yeye.
Bildi ilivutwa ikarudi.

Nyumbani, wakati wa chakula, baba alisema:
"Kuna shimo pale."
Mama akamtazama mpaka akaweka kijiko chini.

Ramani zikachapwa Entebbe, bluu ya kupendeza,
jina lake pembeni, *Lt. Z. Balyejusa*,
kwa herufi za kusomwa na sisimizi.
Kisha mvua ikanyesha kama iliyosahau njia ya kwao.
Ziwa likapanda, mto ukapanda,
Namasagali ikanywa maji: gati, reli, stoo za pamba,
na namba zote elfu kumi na moja
zikawa uongo wa pima moja.
Alinyoa ndevu, akavaa kofia, akaenda kuomba mashua.
Wakamwambia bandari imefungwa.
Basi akafuga mbuzi.

Ila kila asubuhi alishuka hadi nguzo ya gati
iliyobaki imechomoza majini kama jino,
akaweka alama kwa msumari. Hata macho yalipokufa
alishuka, akapapasa kutu kwa kidole, akanitajia:
"Nusu inchi. Andika."
Niliandika. Kwa penseli.

Mwaka wake wa mwisho walikuja vijana wa bwawa
na kifaa kinachosikia kina kwa mwangwi.
Wakamweleza kwa heshima, kwa sauti kubwa,
kana kwamba upofu ni uziwi.
Akawauliza jambo moja tu:
"Kinaleta mchanga?"
"Hapana, mzee."
"Sasa kinajuaje kimefika?"

Wiki iliyopita wamerudi, wamefungua daftari mezani,
wameweka kidole juu ya duara lile.
Hapa, dada, mbona hakuna kitu?
Soksi ilikuwa mapajani mwangu, chini ya kanga.
Nikawaambia penseli ilivunjika.