Upondo wa Kioo

Heldur ameingia na theluji mabegani,
akakikalia kiti changu kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.
Jino la mbele, la juu, kushoto.
Kiini chake nilikitoa mwezi jana, mfereji nikauziba
kwa mpira wa waridi hadi karibu na ncha.
Halihisi tena baridi, wala chai.
Limesimama tu,
kama nyumba ya jirani aliyehamia Ufini.

"Usinitie chuma," anasema.
Cha chuma alitiwa Rakvere, enzi za jeshi,
jino la pembeni. Chuma hakikupinda.
Mzizi ndio uliopasuka, wima, juu hadi chini,
usiku wa harusi ya bintiye, akitafuna mkate mweusi.
Pengo lipo. Ananionyesha kwa ulimi.

Basi namwekea kiganjani kijiti,
urefu wa punje tatu za mchele,
nyuzi za kioo zilizolala pamoja katika gundi.
Anakikunja kwa vidole. Kinakataa, kisha kinakubali kidogo.
Anacheka.
Miaka thelathini amefundisha vijana kuruka kwa upondo.
"Zamani tuliruka na chuma. Ukitua, mabega yanajua.
Ukaja wa kioo, ukapinda pamoja na mrukaji,
ukamrusha.
Kisichopinda nawe, daktari, kitakuvunja."

Simjibu. Nimeshamvika shuka ya mpira mdomoni.
Ningemwambia ukweli wa kazi hii:
nguzo haiongezi jino nguvu hata chembe.
Inashika taji, basi.
Nguvu ni ule ukingo wa jino lenyewe,
milimita mbili kuzunguka, niliokataa kuukwangua
ingawa kuukwangua kungenirahisishia mchana.

Asidi. Maji. Pumzi ya hewa, si nyingi,
mzizi usije ukakauka ukanikataa.
Gundi. Kijiti kinazama, kinagota.
Taa ya buluu: nahesabu hadi arubaini,
na mguu wake wa kulia unapiga hatua
pale pale kitini, moja, mbili,
kama anayeuendea mwamba.

Nakata ncha iliyozidi. Inaruka sakafuni: ti.
"Hiyo," anauliza, mdomo ukiwa huru, "unaitupa?"
Anaiokota mwenyewe, goti likilia.
Taji wiki mbili zijazo, namwambia,
na tufaha asiling'ate kwa mbele.
Hanisikii. Yuko dirishani,
jicho moja kalifumba,
anaipima ile ncha dhidi ya mwanga wa theluji
kutazama kama imenyooka.