Ukurasa wa Kumi na Tisa

Daftari langu la vipimo lina madoa ya mafuta ya cherehani
na ukurasa wa kumi na tisa ni wako, Elingaya.
Bega: kumi na nane. Kifua: thelathini na nane.
Mkono wa kulia ishirini na nne,
wa kushoto ishirini na nne na nusu,
na pembeni, kwa penseli: asibishe, nimepima mara tatu.

Ulibisha.
Ulisema futi yangu imelegea kwa jasho la wateja.
Kisha ukanyoosha mikono yote miwili mbele ya kioo,
ukacheka: "Miaka kumi na moja nalivuta gitaa,
kumbe na lenyewe linanivuta."

Lile shati la tetroni, la zambarau, kola kama masikio ya tembo,
nililokushonea kwa ajili ya Sabasaba kule Njoro,
hujamaliza deni lake.
Shilingi mia nne za wakati ule.
Sikuzidai. Niliziandika tu.

Redioni wamesema ulikuwa mpigaji wa solo.
Wakaweka wimbo mmoja, ule ule,
wakaukata katikati kupisha bei ya mbolea.
Hawajui kwamba unaanza pale walipoukata,
pale unapoacha kumlalamikia Aikande aliyekukataa
na vidole vinateremka
kama mtu anayeshuka Kibosho usiku wa masika,
viatu mkononi,
akitafuta kwa unyayo jiwe analolijua.

Nilijifunza kazi kwa wimbo huo.
Upindo wa suruali: beti mbili.
Zipu: kiitikio, taratibu, sindano isivunjike.
Mpaka leo nikiisikia ile solo
kisigino kinainuka chenyewe kutafuta pedali,
hata nikiwa kanisani.

Na usiku ule umeme ulipokatika,
wala haukuwa mgao, lori la kahawa lilikuwa limeangusha nguzo,
vyombo vyote vilikufa pamoja.
Watu wakapiga miluzi, wakadai viingilio vyao.
Ukashuka jukwaani na gitaa lako bubu,
ukakalia kreti la bia,
ukapiga hivyo hivyo, nyuzi kavu,
sauti ndogo kama panya ndani ya gunia la mahindi,
na ukumbi mzima ukainama
kama watu wanaomsikiliza mgonjwa anataka nini.
Niliona kijana mmoja amevua kofia.
Hakujua amevua.

Jumanne alikuja mwanao, Ndelamio,
na kitambaa cheusi kwenye mfuko wa plastiki.
"Baba alisema ashone fundi wake."
Nikafungua ukurasa wa kumi na tisa.
"Fundi, baba alikonda. Alipotoka KCMC
bega lenyewe lilikuwa hivi,"
akanionyesha kwa viganja,
kama mtu anayesimulia samaki mdogo.
Niligeukia mkasi.
Nikakata kumi na nane.

Tumekuzika kihambani, kati ya migomba na mibuni,
baridi ya Julai inapenya mpaka kwenye meno.
Mlima ulijifunika, haukuja msibani.
Mzee mmoja wa bendi alijaribu kuimba, akakohoa, akakaa.
Najua suti imekupwaya, Elingaya.
Najua imelala juu yako kama ya kuazima,
na mkeo aliona, akaninyamazia.
Lakini mkono wa kushoto niliukata
ishirini na nne na nusu,
na hapo sikukosea.
Mfupa haukondi.

Baada ya mbege Ndelamio alinivuta pembeni,
kumbe ulimwambia.
Akatoa noti mpya, zaidi ya mara kumi ya mia nne,
akazikunja kwenye kiganja changu.
Nikamrudishia.
Akaniwekea tena. Nikamrudishia tena,
mpaka watu wakaanza kutazama.

Wanasema dawa ya deni ni kulipa.
Mimi hili
sitaki lipone.